Ngoma ya Vumbi

Mzungu mwenye karakana yetu alijifunza Kiswahili kwa kufoka, na maneno ya upole hakuwahi kuyafikia. Alikuwa na "leta", "toa", "haraka" na "mjinga", na kwa hayo aliendesha watu wazima wenye wake na watoto tangu asubuhi hadi jioni. Mbele na mbali kwake yalikuwa neno moja. Akikuambia uweke ubao mbele, ulitakiwa uupeleke mbali. Akikuambia simama mbali, alitaka uje mbele ya meza yake. Sisi tulikwisha kumzoea. Tulikuwa tunamsikiliza kwa macho: tunatazama kidole chake kinaelekea wapi, ndipo tunatembea.

Nataka kueleza habari ya pipa. Najua yupo atakayeguna, pipa nalo lina habari gani? Subiri kidogo.

Karakana ilikuwa pembeni mwa mji wa Arusha, upande wa chini, mahali upepo wa Meru unapofika ukiwa bado na baridi yake. Tulitengeneza milango, makabati, na viti vya klabu ya wazungu, ambavyo sisi tuliweza kuvikalia kabla havijapigwa vanishi tu. Baada ya hapo ilikuwa kosa. Mimi ndiye niliyekuwa mpiga vanishi. Kaka yangu, wa baba mmoja na mama mmoja, alikuwa kwenye msumeno wa injini, anapasua mbao za podo na loliondo. Vumbi la loliondo, kama hulijui, shukuru Mungu wako. Linaingia puani, linashuka kooni, likifika kifuani linatandika kitanda.

Kaka alikuwa amekohoa miaka. Jioni tulipopanda kurudi kwetu mlimani, tukishapita Kimandolu, alisimama kila penye mti na kujifanya anatazama kahawa za watu. "Hizi zimezaa," ananiambia, na mimi najua hakuna alichokiona, anatafuta pumzi tu. Tabibu wa hospitali alimweleza bila kuzunguka: ukae mbali na vumbi, la sivyo hutafika mbali. Sasa akae mbali aende wapi? Shamba la baba lilikuwa limegawanywa na kugawanywa tena mpaka migomba ya ndugu huyu inaangukia kwa ndugu yule, na kaka alikuwa na watoto wanaokula. Akarudi kwenye msumeno. Kila alipokohoa karibu na mzungu wetu, mzungu alimwambia, "Pole. Wewe tazoea." Miaka yote dawa ilikuwa hiyo hiyo, tazoea.

Basi, siku moja klabu ikarudisha viti. Vumbi lilikuwa limetua kwenye vanishi mbichi, na mabibi wa kizungu walikwaruzwa nguo zao za hariri. Lo! Hapo ndipo vumbi likawa jambo. Mimi nilitukanwa mpaka nikasahau jina langu, kisha mzungu akaagiza mashine. Ikaja kwa treni, dude la bati, pana juu na jembamba chini, umbo kama pia wanayochezea watoto. Kazi yake ni hii: feni inavuta hewa yenye vumbi kutoka kwenye misumeno, hewa ile inaingia ndani ya dude na kuzunguka kwa kasi, vumbi linatupwa kwenye kuta na kuanguka chini, na hewa safi inatokea juu. Aliliita saikloni. Sisi tulisikia "koloni", tukanyamaza, maana hilo tulikuwa nalo tayari. Mwishowe tukaliita pia, yakaisha.

Kaka alilipapasa lile bati, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo vumbi halitakuja kwangu tena?"

Nikamwambia ndiyo. Tangu saa ile nililitaka lile dude lifanye kazi kuliko hata aliyelinunua.

Sasa chini ya pia palikuwa na tundu tupu. Hapo ndipo vumbi linapoangukia, na hapo palitakiwa pipa, nalo pipa halikuletwa. Mzungu akamwita msimamizi wetu. Huyu msimamizi alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kupigiwa mfano, mwenye koti jeusi hata jua likiwaka namna gani. Ndiye aliyesimama mbele ya usharika siku ya Jumapili kuwasoma majina waliocheza ngoma arusini. Ukishasomwa naye umetengwa. Unakaa benchi la nyuma, na meza ya Bwana unaiangalia kwa mbali.

"Mimi nataka ngoma," mzungu akamwambia. "Ngoma mkubwa! Ngoma ngumu sana! Leta!"

Kwao, jamani, pipa na ngoma vina jina moja. Hilo tulikuja kulijua baadaye. Siku ile tulijua tu kwamba mzungu, akiwa na akili zake timamu, ametaka ngoma.

Macho yalimtoka msimamizi pima. "Ngoma, bwana mkubwa?"

"Ngoma! Wewe iko mjinga?"

Kumbishia mzungu hakuweza, hakuwa na mfupa huo mwilini. Alikuja kwetu anajifuta jasho, akasema labda ni ya kuwaitia watu kazini, na kama ni ya kazi basi si dhambi. Ukimwona mtu anajitafutia njia ya kutoka, mwache atafute. Kule mlimani aliona aibu kuuliza, maana nusu ya waliotengwa aliwasoma yeye. Akapanda baiskeli yake akateremka mpaka Olasiti kwa Waarusha. Wakamcheka wakashika mbavu. "Mzee wetu, sisi tunaruka kwa miguu yetu na kuimba kwa makoo yetu. Ngoma umetuona nayo lini?" Akasukuma baiskeli mpaka Terrat, akajibiwa vile vile. Mwishowe aliipata pale ambapo hakutaka kuipata kabisa: darini kwa mama mkwe wake, imefungwa ndani ya majani makavu ya mgomba, ile ile ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuutangazia usharika kwamba imeteketezwa kwa moto.

Aliileta imefunikwa kwa koti. Mzungu akalifunua koti, akaitazama ile ngozi, akamtazama msimamizi, akawa mwekundu kama pilipili. Aliokota chaki akachora ukutani kitu kirefu, cha mviringo, chenye mfuniko. Sote tukasema kwa sauti moja, "Aaa! Pipa!"

"Ndiyo," akasema. "Ngoma."

Tangu hapo likaitwa ngoma, na sisi tukafuata. Ukifanya kazi kwa mtu, hata makosa yake unayasema kwa matamshi yake.

Pipa la kwanza alilichagua yeye mwenyewe. Lilikuwa la bati jipya, kijani, lililoletewa rangi kutoka kwao, na mfuniko wake uling'aa. Alilipiga teke kidogo, akaridhika. Nasi tukaridhika. Fundi gani atakayelikataa pipa zuri vile? Mimi nililisifia kwa kinywa changu. Injini ikawashwa, mkanda ukazunguka, feni ikaunguruma, na lile vumbi, naapa, likaondoka. Lilikwenda zake ndani ya bomba kama limeitwa. Kaka alisimama kwenye msumeno anacheka. Kope zake zilikuwa nyeusi, nami sikuwa nimeziona nyeusi saa za kazi tangu tuanze.

Ndipo kipande cha ubao kikaingia kwenye mdomo wa bomba kikakwama. Feni ikakosa hewa ya kuvuta kule, ikaivuta iliyokuwa ndani ya pipa. Paa! Pipa likajikunja. Ukuta wa huku ukabusu ukuta wa kule. Watu tuliruka madirishani. Msimamizi aliingia chini ya benchi la kazi anamwita Mkombozi kwa Kimeru, kwani Kiswahili kilimtoroka. Mzungu akatoka ofisini mbio, akalikuta pipa lake la kijani limekuwa jani.

"Nani napiga ngoma?" akafoka. "Nani?"

Na sisi wote, bila kupanga, tukamgeukia mzee wa kanisa.

Tulijaribu pipa la mbao la divai kutoka klabu. Hilo halikujikunja, lakini lilipitisha hewa kila penye ufa, likapiga mluzi kutwa nzima, na vumbi likakataa kushuka. Mzungu akachoka. Akasema kama haitapatikana ngoma ngumu, hilo dude analiuza kwenye kinu cha kahawa, nasi turudi kama zamani. Kurudi kama zamani, kwake, ni neno la mdomoni tu. Jioni ile, njia nzima, kaka hata kahawa za watu hakuzitaja.

Sasa mimi nilijua pipa lilipo. Kimandolu nzima ilijua. Nyuma ya nyumba ya msimamizi, katikati ya migomba, palikaa pipa la chuma kinene lililoachwa na jeshi baada ya vita, lenye pete za chuma kiunoni na mfuniko wa kubana. Mkewe alilitengenezea togwa. Togwa, ndivyo walivyoiita wenyewe, ya kuwakaribishia wageni wa kikristo. Mimi niliwahi kuionja. Ni togwa iliyonifanya nimwamkie ng'ombe shikamoo.

Nilianza kwa heshima zote. Nilimvizia akiwa peke yake, nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, lile pipa lako lingetufaa hapa."

"Pipa gani? Mimi sina pipa."

"Mzee wangu, kaka yangu anakwisha. Unamsikia mwenyewe."

"Sote tutakwisha," akanijibu, anafunga kifungo cha koti. "Mwombee."

Ebo! Damu ilinipanda kichwani. Ningeweza kumezea mengi, lakini si kuambiwa niombe na mtu mwenye dawa ya ndugu yangu uani kwake. Nilikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa ofisi ya mzungu, nikasema kwa Kiswahili cha mwenye nyumba ili asipotee: "Bwana mkubwa! Msimamizi iko na ngoma nyumbani. Mkubwa sana. Ngumu sana."

Msimamizi alinifuata nyuma akipiga kelele. "Sina ngoma nyumbani! Mungu ndiye shahidi, sina ngoma!" Alipiga kelele zile akiwa uwanjani, kando ya barabara, siku ya soko, kina mama wa mlimani wanapita na ndizi zao kichwani. Wakatulia kidogo wasikie vizuri. Kisha wakaendelea na safari, mwendo umeongezeka.

Pipa lililetwa kwa gari la mzungu, limemwagwa na kusuguliwa. Mzungu safari hii hakulipiga teke. Aliwasha feni, akaziba mdomo wa bomba kwa ubao, akarudi nyuma hatua kadhaa, nasi tukarudi naye. Pia ikanguruma, bomba likatetemeka, pipa likakaa kimya. Halikubonyea hata pa kuweka kidole. Tulipiga makofi, kaka akapiga kuliko wote. Tatizo lilikuwa moja dogo: jua likipamba moto, pipa lilitoa harufu ya togwa, na watu wakapenda sana kufanya kazi karibu nalo.

Huko usharikani kesi ya ngoma ilikuwa imefika kabla pipa halijafika karakana. Msimamizi aliitwa mbele ya wazee wenzake. Akaapa kwamba si ngoma, ni pipa. Wakamwuliza, pipa la nini? Hapo akaanza kupiga hesabu. Akisema ngoma, ametengwa. Akisema la togwa, wamo wazee waliokwisha kuinywa, wataulizwa wao walikuwa wanafanya nini pale. Akaona heri ngoma. Jumapili iliyofuata alisomwa, na aliyemsoma alisoma kwa raha. Nilimwona benchi la nyuma na koti lake jeusi, nikacheka, sifichi. Nilicheka mapema.

Maana pipa, hata liwe gumu namna gani, hujaa. Nalo likijaa lazima mtu alimwage. Mzungu akauliza nani atamwaga ngoma, na kila mtu akaona kitu cha kutazama juu ya dari. Msimamizi akasogea mbele kwa upole.

"Tumpe huyu mgonjwa, bwana mkubwa. Kazi nyepesi, nje, penye hewa nzuri." Alikuwa anamtaja kaka, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Ndiyo. Mzuri," akasema mzungu.

Tazama basi akili ya binadamu! Vumbi la karakana nzima, lililokuwa limetawanyika kwa watu wote, kila mmoja na haki yake, tulikuwa tumelikusanya kwa mashine kutoka ng'ambo, tukalirundika mahali pamoja, na sasa tunamwinamisha kaka yangu humo na koleo mkononi. Yeye alishukuru. Alisema ni heri kuliko kufukuzwa. Siku ya kwanza alichota na kutupa, kuchota na kutupa, yuko ndani ya wingu hata kichwa hakionekani, kisha akapiga magoti. Akatema kitu chini, akakifukia haraka kwa kisigino. Nilikiona. Kilikuwa chekundu. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa, na chini ya woga kulikuwa na hasira inayotafuta mtu.

Pipa lilipojaa tena, nilikwenda kumwona mzungu. Alikuwa barazani mwa ofisi na wageni wake wa klabu, wamevaa nguo nyeupe, wanakunywa chai na kusifia pia. Nilivua kofia. Nilimwambia kaka yangu mgonjwa sana, naomba ngoma niimwage mimi. Hakupenda habari za kikohozi penye keki. Akanipungia mkono niende zangu.

"Haya, haya! Wewe mwaga. Mwaga mbele! Mbele sana!"

Kidole chake kilielekea bondeni, nyuma ya ua kabisa. Nilikiona vizuri. Lakini siku ile sikumsikiliza kwa macho. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi kwake, nilimsikiliza kwa masikio.

Nilirudi, nikalishika pipa. Kaka akashika upande wa pili, maana peke yangu nisingeliweza, na nilipolielekeza barazani aliniangalia usoni, akaelewa, hakuachia. Tulilizungusha juu ya ukingo wake pole pole, kwa adabu, mpaka mbele ya ngazi. Mbele sana. Upepo wa Meru ulikuwa mgongoni mwetu. Nikafungua mfuniko, tukaliinamisha.

Nimeona mawingu mlimani maisha yangu yote, ila lile lilikuwa letu. Liliingia kwenye chai, kwenye keki, kwenye masharubu, kwenye nguo nyeupe. Vikombe vilianguka. Mzungu alitokea humo wa rangi ya podo mwili mzima, anatafuta hewa kwa mikono.

"Nani! Nani nasema mwaga hapa?"

"Wewe, bwana mkubwa," nikasema. "Mbele."

Akamgeukia msimamizi. Nikajua ndipo ninapofukuzwa. Lakini mzee wa watu, tangu azaliwe, hakuwahi kumwambia mzungu kwamba amekosea, na wala hakujua pa kuanzia. Alivua kofia akasema ukweli, pengine kwa bahati mbaya: "Ndiyo, bwana mkubwa. Ulisema mbele. Mbele sana." Mgeni mmoja aliyekijua Kiswahili vizuri alianza kucheka ndani ya leso yake, na mwenyeji akaona heri kutonifukuza kuliko kuielezea klabu nzima sababu.

Kesho yake asubuhi zilitoka amri. Ngoma isimwagwe kabla haijanyunyiziwa maji. Mwagaji afunge kitambaa chenye maji puani. Mwenye kikohozi asiiguse kabisa, akae chumba cha vanishi. Yote hayo yalipatikana asubuhi moja, na maji tulikuwa nayo miaka yote, kisima kiko pale pale mlangoni. Ilitakiwa tu akohoe anayestahili. Kaka yangu alihamia kwangu akashika brashi, akazeeka, na kifua chake, ingawa hakikurudi kama cha ujana, kilimfikisha kwa wajukuu.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni pale pale barazani, vumbi halijatulia, mzungu wetu ameshika nguzo anakohoa, machozi yanachora mistari kwenye unga wa loliondo. "Hii mbaya!" anasema. "Hii naua mtu!" Kaka alikuwa amesimama karibu naye na mfuniko wa pipa mkononi. Alingoja amalize kukohoa, kwa heshima, kama anavyongojwa mkubwa.

"Pole, bwana mkubwa," akamwambia. "Utazoea."